Miendo Mitatu Ndani ya Glasi Moja

Glasi ya maji iliyowekwa mezani tangu asubuhi huonekana imetulia, lakini ndani yake hakuna kilichotulia. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, molekuli za maji hukimbia kwa kasi ya mita 600 na ushei kila sekunde. Hazifiki mbali. Jirani yuko umbali wa nanomita 0.3 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa hiyo kila molekuli hugonga, hupinda njia, hushikwa na kuachiwa, na mshiko mmoja kati yake na jirani hudumu kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Sasa iguse glasi kidogo, wimbi lipite juu ya uso. Hapo huzaliwa miendo mingine miwili: mafungu ya maji yanapanda na kushuka, na umbo la wimbi linasafiri kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Miendo mitatu, maji yale yale, kila mwendo na kasi yake. Kwa uzoefu wetu wa kufundisha na kupima mambo haya, karibu kila kosa la meza ya majaribio linatokana na kuuchanganya mmoja na mwingine: mtu anapima mkondo akidhani anapima molekuli, au anapima wimbi akidhani anapima maji. Tunaeleza hapa namna ya kuutenga kila mwendo, kwa vipimo, na kinachoharibika njiani.

Tuanze na jaribio ambalo wengi wamelifanya, tone la wino ndani ya maji. Husemwa kwamba rangi inayosambaa inaonyesha molekuli zikitembea. Kwa sehemu kubwa si kweli. Wino ukishuka kama nyuzi za moshi na kugusa kitako cha glasi ndani ya nusu dakika, huo ni mkondo: tone ni zito kuliko maji, limezama na kuburuta maji ya jirani. Molekuli zenyewe haziwezi safari ya namna hiyo. Ukiifuata molekuli moja ya maji katika nyuzi 25, baada ya sekunde moja itakuwa imeachana na mahali ilipoanzia kwa takriban milimita 0.1. Baada ya saa moja, milimita 7. Baada ya siku nzima, sentimita 3 na nusu. Molekuli za rangi ni kubwa zaidi, hivyo hujikokota polepole kuliko hapo. Rangi iliyovuka glasi kwa dakika moja imebebwa, haikutembea yenyewe.

Jaribio la maji ya moto na ya baridi ndilo linalopotosha zaidi, na tunalionea uchungu kwa sababu linapendwa sana. Glasi moja ina maji ya nyuzi 10, nyingine ya nyuzi 60, tone moja linadondoshwa katika kila moja, na rangi inasambaa haraka zaidi kwenye maji ya moto. Jibu ni sahihi, ushahidi si sahihi. Tone la halijoto ya chumba ni zito kuliko maji ya nyuzi 60, kwa hiyo linazama huko kwa kasi. Isitoshe, glasi ya moto inapoteza joto kupitia kuta na uso wake. Maji yaliyopoa pembeni yanashuka, ya katikati yanapanda, na mzunguko huo hausimami mpaka glasi ipoe. Ukipasha wino hadi nyuzi 60, ukafunika glasi na kusubiri dakika kumi, unapunguza hitilafu ya kwanza tu. Ya pili inabaki.

Dawa yake ni kuyafunga maji yasiweze kutiririka huku molekuli zikiachwa huru. Unga wa aga, unaotokana na mwani na kugandisha maji kama jeli, unafanya hivyo hasa. Chukua gramu 1 ya aga kwa kila mililita 100 za maji, chemsha huku ukikoroga hadi mchanganyiko uwe mwangavu kabisa bila punje, kisha mimina kwenye mabomba ya kioo yaliyosimama wima, hadi sentimita 10. Aga huganda inapopoa kufikia nyuzi 40 hivi na kushuka chini ya hapo, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka ikaribie nyuzi 85. Ndiyo maana tunaipendelea kuliko jelatini, ambayo huyeyuka hata kwa joto la mkono. Mimina mililita 1 ya maji ya rangi juu yake, andika saa, na uache. Wavu wa aga unazuia mkondo, lakini matundu yake ni mapana mno kwa molekuli ndogo, hivyo zinapita karibu kama zinavyopita majini.

Pima mpaka wa rangi baada ya saa 1, saa 4, saa 9 na saa 16. Umbali utakuwa kwa uwiano wa 1, 2, 3 na 4. Muda ukiongezeka mara nne, umbali unaongezeka mara mbili tu. Hiyo ndiyo alama ya mwendo wa kubahatisha, ule ambao kila hatua husahau mwelekeo wa hatua iliyotangulia. Mkondo hauna alama hiyo. Mkondo wa kasi moja huenda mara nne kwa muda mara nne. Kwa hiyo namba zako zikitoka 1, 3, 6, usiilaumu fizikia, tafuta mahali rangi inapovujia. Mara nyingi aga imebanduka kwenye ukuta wa bomba na rangi imepenya pembeni. Utauona mstari wa rangi umeutangulia mpaka. Ukitumia aga chini ya nusu gramu kwa mililita 100, donge linakuwa laini mno na linabanduka hata kwa kuinamisha bomba. Viputo vya hewa navyo huacha mifereji. Jambo jingine ni jicho: mpaka wa rangi hauna ukingo, hufifia tu, kwa hiyo chagua kiwango kimoja cha weusi na ukishikilie mpaka mwisho, au piga picha kwa taa ile ile na umbali ule ule.

Ukiliweka bomba moja kwenye beseni la nyuzi 60 na jingine kwenye nyuzi 10, la moto litakwenda umbali wa karibu mara moja na robo tatu ya lile la baridi kwa muda ule ule. Uwezo wa kutawanyika umeongezeka kama mara tatu. Kasi ya molekuli zenyewe imeongezeka kwa chini ya asilimia 10. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote. Wengi husema maji ya moto yanatawanya rangi haraka kwa sababu molekuli zinakimbia haraka, wakaishia hapo. Kinachobadilika sana ni kushikana. Kila molekuli ya maji huvutwa na majirani zake kwa vifungo vya hidrojeni, na joto huvikata vifungo hivyo upesi zaidi, hivyo molekuli hupata nafasi ya kuchomoka mara nyingi zaidi. Mkimbiaji ni yule yule. Umati ndio uliolegea.

Kwa mwenye hadubini ya kukuza mara 400, kuna njia ya kuuona mhangaiko wenyewe. Tia tone 1 la maziwa kwenye mililita 50 za maji, weka tone la mchanganyiko huo kwenye kioo cha hadubini na kulifunika kwa kioo chembamba. Vitone vya mafuta vyenye upana wa maikromita 1 hivi (sehemu moja ya milioni ya mita) vinaonekana vikitetema bila kukoma. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alikiona kitu hicho kwenye chembe ndogo zilizotoka ndani ya chavua; mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba ni molekuli zinazozigonga chembe hizo pande zote bila usawa, na vipimo vya mwanafizikia Mfaransa Jean Perrin vikaithibitisha hesabu hiyo. Kosa la kawaida hapa ni kuushangilia mwendo usio wenyewe. Vitone vyote vikielea upande mmoja kwa pamoja, unachokiona ni maji yanayotiririka kwenda ukingoni ambako yanakauka. Paka mafuta mazito ya kujipaka kuzunguka kioo cha juu ili kuziba, subiri dakika tano, halafu tazama tena. Vitone viwili vilivyo jirani vinapaswa kwenda kila kimoja na lake. Chagua pia vidogo kuliko vyote. Vikubwa vinapigwa kutoka pande nyingi mno kwa wakati mmoja, mapigo yanafutana, na vinaonekana vimelala.

Sasa mawimbi. Hapa vifaa vinahitaji subira, na ndipo sisi tumetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Lengo ni kuona kwamba wimbi likipita, maji hayaendi nalo bali yanazunguka na kurudi karibu na pale yalipokuwa. Chukua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, ujaze maji hadi kina cha sentimita 20. Kizibo kinachoelea juu hakifai. Kinapeperushwa na pumzi ya mtu, na kinaonyesha uso tu, nawe unahitaji kuona ndani. Tumia shanga ndogo za plastiki ya polistirini ngumu, zile zenye densiti (uzito kwa kila ujazo) ya gramu 1.05 kwa mililita, siyo povu jeupe. Kwenye maji matupu zitazama, kwa hiyo yeyusha gramu 75 za chumvi kwa kila lita. Maji hayo yanakuwa na densiti inayokaribiana na ya shanga, nazo zitaning'inia kwa vina mbalimbali. Ziloweke usiku kucha ndani ya maji yenye tone la sabuni kabla ya kuzitumia, maana kiputo kimoja kisichoonekana kikiishika shanga kinaipandisha juu na kuharibu kila kitu. Sabuni inapunguza mvutano wa uso, lakini huo unatawala viwimbi vyenye urefu, kutoka kilele hadi kilele, wa chini ya sentimita 1.7 tu. Mawimbi tunayoyataka ni makubwa kuliko hayo.

Mwisho mmoja wa tangi weka ubao unaokaribia upana wa tangi, uwe unausukuma na kuuvuta. Tumia programu ya simu inayopiga midundo, uiweke kwenye midundo 120 kwa dakika, na kila mdundo uwe kwenda na kurudi kamili. Kipindi, yaani muda wa wimbi moja kamili, ni sekunde 0.5, na wimbi linakuwa na urefu wa sentimita 39, likisafiri sentimita 78 kwa sekunde. Wanafunzi wengi huhesabu kwenda kuwa mdundo mmoja na kurudi kuwa mdundo wa pili. Kipindi kinakuwa sekunde 1, na kwa bahati mbaya sekunde 1 ndicho kipindi cha asili cha tangi hilo lenye kina hicho kuyumba zima zima kama bembea. Ndani ya misukumo kumi maji yako sakafuni. Ukiona ncha mbili za tangi zinapokezana kupanda na kushuka bila kilele kinachosafiri, simamisha mkono, umekosea hesabu ya midundo.

Mwisho wa pili weka sponji nene, au mteremko wa changarawe, ili wimbi life hapo. Hili halina mbadala. Bila sponji, wimbi linagonga kioo na kurudi, la kwenda na la kurudi yanajumlishana, na kwa kuwa nusu tatu za wimbi la sentimita 39 zinaenea karibu kabisa ndani ya sentimita 60, wimbi linasimama mahali pamoja na kukua. Hapo shanga haziendi kwa duara hata kidogo. Zilizo chini ya kilele kinachopanda na kushuka zinapanda na kushuka kwa mstari wima. Zilizo chini ya sehemu za uso zisizopanda zinakwenda mbele na nyuma kwa mstari mlalo. Mtu anaandika kwenye daftari kwamba maji ndani ya wimbi yanapanda na kushuka tu, na kwa alichokiona hajadanganya. Alilipima wimbi lililosimama akidhani linasafiri. Kosa hili limeingia hata kwenye michoro ya darasani.

Sponji ikifanya kazi, na wimbi likiwa na kimo cha sentimita 2 kutoka bonde hadi kilele, shanga ya juu huchora duara la upana wa sentimita 2. Chini ya kilele inakwenda mbele pamoja na wimbi. Chini ya bonde inarudi nyuma. Kwa kina cha sentimita 5 duara lina upana wa milimita 9. Kwa sentimita 10, milimita 4. Karibu na sakafu unabaki mwendo wa milimita moja au mbili, tena si duara bali mstari wa kwenda na kurudi, kwa sababu sakafu hairuhusu maji kushuka. Piga video ya mwendo wa polepole ukiwa umebandika karatasi ya mistari ya sentimita nyuma ya tangi, na simu iwe mbali, angalau mita moja na nusu. Simu ikiwa karibu, shanga za mbele na za nyuma zinapimwa kwa rula tofauti bila wewe kujua.

Kanuni ya kubaki nayo kwa maji ya kina: kwa kina cha nusu ya urefu wa wimbi, mzunguko umebaki asilimia 4 ya ule wa juu. Wimbi la baharini lenye urefu wa mita 100 husafiri mita 12.5 kwa sekunde, na mita 50 chini yake hausikii kitu.

Duara hilo halifungi kikamilifu. Shanga huwa juu kidogo inapokwenda mbele na chini kidogo inaporudi, na mwendo wa juu ni mkubwa kuliko wa chini, kwa hiyo kila mzunguko unaiacha mbele kidogo ya pale ilipoanzia. Mwanahisabati George Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1847. Kwa wimbi letu la kimo cha sentimita 2, nadharia inatoa sentimita 1 kwa kila mzunguko juu kabisa, nusu ya upana wa duara lenyewe, na jicho linaona. Ukipunguza kimo hadi sentimita 1, msogeo unashuka hadi robo, milimita 2 na nusu. Kwa kuwa tangi limefungwa, maji yaliyosogea juu yanarudi nyuma polepole kwa chini. Tunashauri kuanza na mawimbi ya kimo cha sentimita 1, duara lionekane limefunga kwa kiasi cha kutosha, halafu ndipo uongeze kimo na kuonyesha msogeo. Ukianza na makubwa, anayetazama ataondoka akiamini kwamba wimbi hubeba maji, na kumrudisha ni kazi.

Hapa linganisha kasi. Umbo la wimbi: sentimita 78 kwa sekunde. Fungu la maji kwenye duara lake: kama sentimita 13 kwa sekunde kwa kimo cha sentimita 2. Molekuli ndani ya fungu hilo: mita 600 na ushei. Hakuna molekuli inayochora duara zuri tunaloliona. Duara ni mwendo wa wastani wa molekuli zisizohesabika, kila moja ikiwa inarushwa huku na huko maelfu ya mara haraka kuliko fungu lake linavyozunguka.

Maji yakiwa haba, hesabu inabadilika, na jaribio lake ni rahisi hata kwa mtoto. Trei yenye kitako cha sentimita 40 kwa 30, tia lita 2.4, kina kitakuwa sentimita 2. Inua upande mfupi kidogo, uushushe upesi, kisha hesabu wimbi linavyokwenda na kurudi mara 10 na ugawanye muda kwa 10. Utapata karibu sekunde 1.8. Ongeza hadi lita 4.8, na muda unashuka hadi karibu sekunde 1.3. Kasi ya wimbi la maji machache inategemea kina peke yake: zidisha kina, kikiwa kwa mita, kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili. Usipime kina kwa rula, kwa sababu maji hupanda kidogo kwenye rula yenyewe na kosa la milimita 2 kwenye sentimita 2 ni asilimia 10. Pima kwa lita, na hakikisha trei imelala sawa.

Tsunami ni wimbi la namna hiyo hiyo, ingawa lipo kwenye bahari kuu. Urefu wake ni makumi au mamia ya kilomita, hivyo bahari yenye kina cha mita 4,000 kwake ni trei. Linasafiri karibu mita 200 kwa sekunde. Likiwa limeinua uso wa bahari kwa nusu mita, maji yenyewe pale yanasogea kwa takriban sentimita 2.5 kwa sekunde, polepole mno ukilinganisha na umbo linalopita. Meli inayoelea hapo hailisikii. Karibu na ufuko, kina kinapungua, umbo linapunguza mwendo, kimo kinakua, na hapo ndipo maji yenyewe yanapoanza kwenda.

Kutoka kwenye mawimbi tuhamie hali za maada: yabisi, kimiminika na mvuke. Hizi zinahitaji sufuria, hita na kipimajoto. Ponda gramu 200 za barafu ziwe punje ndogo, ziache zianze kuloana ili ziwe nyuzi 0 hasa, kisha weka hita ya wati 300. Bila upotevu wa joto, kuyeyusha kunachukua sekunde 223, kupasha hadi nyuzi 100 sekunde 279, na kugeuza maji yote kuwa mvuke sekunde 1,505, yaani dakika 25. Muda halisi utazidi, kwa sababu sufuria na hewa vinachukua chao, ila uwiano unabaki: kuyeyusha kunadai juli 334 kwa gramu, kupasha juli 418, kuvukiza juli 2,257. Zima hita maji yakibaki nusu. Hita isiyozama inaungua.

Kipimajoto kitabaki kwenye 0 wakati barafu inayeyuka, mradi unakoroga. Usipokoroga, maji yaliyoyeyuka karibu na hita yanafika nyuzi 15 au 20 wakati vipande bado vinaelea, na mstari bapa wa grafu unapotea. Mapande makubwa ya barafu yanaleta kosa hilo hilo. Ncha ya kipimajoto ikigusa kitako inasoma joto la chuma. Na maji yakichemka kwenye nyuzi 97, huenda kipimajoto hakina kosa, wewe uko juu ya usawa wa bahari: kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda.

Swali linalofuata mstari ule bapa ndilo la maana. Joto linaingia, halijoto haipandi, basi linakwenda wapi? Wengi hujibu kwamba linaongeza mwendo wa molekuli. Hapana. Barafu ya nyuzi 0 na maji ya nyuzi 0 vina molekuli zenye wastani wa nishati ya mwendo unaolingana. Vilevile maji ya nyuzi 100 na mvuke wa nyuzi 100. Joto lote la kuyeyusha linatumika kulegeza mishikano. Kwenye barafu kila molekuli imeshikwa na majirani wanne kwa mpangilio wenye uwazi mwingi, ikitetema mahali pake. Kwenye maji mpangilio umebomoka, molekuli zinabadilishana majirani, na baadhi zinaingia kwenye nafasi zilizokuwa wazi. Ndiyo maana maji ni mazito kuliko barafu, ambayo densiti yake ni 0.917, na yanafikia uzito wake mkubwa karibu na nyuzi 4. Kwenye mvuke kila moja iko peke yake. Lita 1 ya maji inakuwa karibu lita 1,670 za mvuke, na umbali kati ya molekuli umeongezeka kama mara 12.

Viputo vidogo vinavyoshika kuta za sufuria mapema, kwenye nyuzi 40 au 50, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini. Na wingu jeupe juu ya birika si mvuke, ni matone. Mvuke ni ile sehemu isiyoonekana ya sentimita moja au mbili kati ya mdomo wa birika na wingu. Usitie kidole hapo.

Wanaotumia gololi kwenye trei kuigiza hali hizi wajihadhari na jambo moja. Kuigiza kimiminika, ondoa gololi moja katika kila kumi, basi. Wakiondoa nusu, watazamaji wanaelewa kwamba molekuli za maji zimetengana, na hapo hawawezi tena kueleza kwa nini maji hayabanwi. Yabisi nayo itikiswe kidogo, isiachwe kimya. Na gololi haziwezi kuonyesha upekee wa barafu. Kwa gololi, yabisi daima ndiyo iliyosongamana zaidi, kwa hiyo liseme wazi.

Sauti huzipima hali hizi tatu kwa njia nyingine. Kwenye mvuke wa nyuzi 100 sauti husafiri mita 470 hivi kwa sekunde, chini ya kasi ya molekuli zenyewe, ambayo hapo ni kama mita 720. Lazima iwe chini, maana molekuli inabidi iruke kwanza ikamgonge jirani ndipo habari ifike. Kwenye maji ya nyuzi 20 sauti inakwenda mita 1,480, zaidi ya mara mbili ya kasi ya molekuli, kwa sababu majirani wamegusana na msukumo unapokezwa bila mtu kusafiri. Kwenye barafu inazidi mita 3,500. Barafu inapitisha pia mtikisiko wa pili, ule wa kwenda upande kwa upande, kwa kasi ya karibu nusu ya hiyo. Ndani ya maji mtikisiko huo unakufa papo hapo: fungu moja likiteleza pembeni, jirani yake haling'ang'anii kurudi mahali pake, linapata tu mahali pengine pa kukaa.